Rais wa Toleo la Kwanza

Kichwa cha habari "Dewey Amshinda Truman" kilitanda ukurasa wa mbele wa Chicago Daily Tribune la tarehe 3 Novemba 1948, siku moja baada ya Wamarekani kumchagua rais. Nakala zipatazo 150,000 zilikuwa zimeshachapwa wakati wahariri walipobaini kwamba Harry Truman haondoki. Magari yakatumwa kuzikusanya mitaani, lakini nyingine zilikuwa zimekwisha kununuliwa. Tangu hapo wanahistoria na wachekeshaji wamependa kukichukua kichwa hicho kana kwamba ni kweli, kisha kuufuata utawala wa Thomas Dewey, mgombea wa chama cha Republican, ambao uliishi kwa toleo moja tu la gazeti.

Kosa lenyewe lilikuwa na mzizi mrefu. Mwaka 1947 Bunge, likiwa mikononi mwa chama cha Republican, lilipitisha sheria ya Taft-Hartley ya kuvibana vyama vya wafanyakazi. Truman aliipinga kwa kura ya turufu. Wabunge wakampuuza na kuipitisha tena. Novemba mwaka huohuo wapanga herufi wa magazeti ya Chicago waligoma, na sheria hiyo ilikuwa kiini cha ugomvi. Tribune halikuacha kutoka. Habari zilipigwa taipu, kurasa zikabandikwa kwa mkono na kupigwa picha, kisha picha hizo zikachongwa kwenye bamba za kuchapia. Njia hiyo ilikula saa nyingi kuliko ile ya zamani, hivyo toleo la kwanza lilifungwa wakati kura za majimbo mengi bado zinahesabiwa. Haraka yenyewe inaonekana kwenye karatasi: katika habari kuu mistari kadhaa ilichapwa kichwa chini miguu juu.

Mhariri mtendaji, J. Loy Maloney, alilazimika kuamua kabla ya matokeo. Alimtegemea Arthur Sears Henning, mwandishi wao mkongwe wa Washington, ambaye katika chaguzi tano zilizotangulia alikosea mara moja tu. Henning hakuwa peke yake. Jarida la Newsweek liliwauliza waandishi 50 wa siasa, na wote 50 wakamtaja Dewey. Kwa hiyo sheria iliyopitishwa na Republican, chama kilichopendwa na Tribune, ilileta mgomo. Mgomo ukalifanya gazeti lifungwe mapema. Na kufungwa mapema kukamfanya Truman, aliyeikataa sheria hiyo, aonekane ameshindwa.

Wala kichwa hicho hakikuwa mbali sana na ukweli kama picha za baadaye zinavyoonyesha. Truman alipata kura 303 za wajumbe, Dewey 189 na mgombea wa tatu, Strom Thurmond, 39. Lakini Ohio ilikwenda kwa Truman kwa tofauti ya kura 7,107 tu. Ingeteleza hiyo, pamoja na Illinois na California, ambako pia alipita kwa nafasi ndogo, Dewey angekuwa rais na Maloney angesifiwa kwa kuwahi.

Waliotangulia kubuni matokeo ya ushindi huo hawakuwa wachekeshaji. Walikuwa waandishi wa safu wenye heshima zao, ambao makala zao zilikwisha kwenda kiwandani kabla ya kura kuhesabiwa. Drew Pearson, kwa mfano, aliwaeleza wasomaji juu ya watu wa karibu wa Dewey waliokuwa wakijiandaa kuingia Ikulu. Serikali nzima ilikuwa imeshaundwa magazetini. Kilichokosekana ni rais wake.

Rais huyo angeapishwa tarehe 20 Januari 1949 na kukuta hana pa kulala. Ikulu ya Marekani ilikuwa imechakaa kiasi kwamba mwaka 1948 mguu wa piano ya Margaret, binti wa Truman, ulitoboa sakafu. Novemba hiyohiyo familia ilihamia Blair House, ng'ambo ya barabara, na mafundi wakabomoa ndani yote wakaacha kuta za nje. Kazi iliisha mwaka 1952. Dewey, mtu nadhifu asiyependa fujo, angeanza utawala wake katika nyumba ya wageni huku akisikiliza nyundo. Faraja ingekuwa moja: Truman alipiga piano, lakini Dewey alisomea uimbaji, na sauti ya baritoni haitoboi sakafu.

Kisha kuna masharubu. Rais wa mwisho kuwa nayo alikuwa William Howard Taft, aliyeondoka madarakani mwaka 1913. Dewey angeyarudisha, na si ajabu makatibu na mabalozi wangeanza kufuga ya kwao polepole, huku mwenye uso mtupu akionekana mtu wa upinzani.

Mambo mengine hayacheki sana. Mgombea mwenza wa Dewey alikuwa Earl Warren, gavana wa California. Angekuwa makamu wa rais, asingepelekwa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1953, na hukumu ya 1954 dhidi ya ubaguzi mashuleni ingemhitaji jaji mkuu mwingine. Dwight Eisenhower huenda angebaki akiongoza Chuo Kikuu cha Columbia. Richard Nixon, ambaye Dewey mwenyewe alisaidia kumpandisha mwaka 1952, angengoja zaidi, jambo ambalo wengi wangelivumilia.

Gazeti lenyewe lingepata hasara kubwa kuliko zote: lisingekumbukwa. Kichwa sahihi cha habari huishia kufungia samaki. Hiki kilidumu kwa sababu Truman, treni yake iliposimama St. Louis, alipewa nakala akaiinua juu mbele ya wapiga picha, akicheka meno yote nje. Washington Post, ambalo nalo lilitarajia Dewey, lilimwalika kwenye karamu ambapo waandishi na watabiri wangekula kunguru, desturi ya Kimarekani ya kukiri kosa, naye angekula bata mzinga. Alikataa kwa adabu. Tribune lilichelewa zaidi: lilipanga kumpa kibao chenye nakala ya kichwa hicho uchaguzi ule ukitimiza miaka 25, lakini Truman alifariki tarehe 26 Desemba 1972.