Vijana wa Bunia na soko la wachezaji

Baada ya kutwaa madaraka mwaka 1965, Mobutu aliwarudisha nyumbani Wakongo waliokuwa wakisakata kabumbu Ubelgiji, kisha akafunga mlango: mchezaji bora hakuruhusiwa kwenda nje. Matunda yalionekana upesi. Kombe la Afrika lilichukuliwa mwaka 1968 na tena 1974, Ndaye Mulamba akifunga mabao 9 katika fainali hizo za Misri. Miezi michache baadaye, kwenye Kombe la Dunia, Yugoslavia iliichapa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, 9-0, na Kombe la Afrika halijarudi tangu mwaka huo. Sababu ni nyingi, zikiwemo posho ambazo wachezaji hawakulipwa, lakini kubwa naiona hii: waliozuiwa walizeeka nyumbani, na klabu zilizowalea hazikupata kitu cha kulelea wengine.

Moïse Katumbi, rais wa TP Mazembe tangu 1997, alishika njia nyingine: alinunua wachezaji. Mbwana Samatta alitoka African Lyon kwenda Simba, akachukuliwa na Mazembe mwaka 2011, akatwaa ubingwa wa Afrika 2015, akauzwa Genk 2016. Njia hiyo yataka tajiri. Timu za vijana za Mudzipela na Nyakasanza, mitaa ya Bunia, hazina tajiri, ila zina watoto, na nashikilia kwamba zijengwe kwa kulea na kuachilia mapema, kwa karatasi zilizo kamili. Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya bei ya mchezaji anayeuzwa kati ya nchi mbili kwa klabu zilizomlea: asilimia 0.25 ya bei kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Kijana aliyesajiliwa Bunia miaka 4 ya mwanzo, akija kuuzwa kwa euro 1,000,000, anaiachia klabu yake euro 10,000. Hiyo ni mipira, jezi na nauli za misimu kadhaa.

Wapo wanaosema kumwachia mfungaji wa miaka 17 ni kujiua. Lakini mwakani umri utamwondoa hata hivyo. Hata Kanada, timu za vijana za hoki ya barafuni humtoa mchezaji anayekaribia miaka 20 ili zipate haki ya kuchagua chipukizi wa miaka ijayo, zikijua msimu huu zitafungwa. Pingamizi zito zaidi ni la wazazi. Huu ni mji ambao watoto wake waliingizwa vitani. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa Ituri, kwa kuwaandikisha vitani watoto wa chini ya miaka 15. Mzazi akisikia mgeni anamtaka mwanawe, ana haki ya kuogopa. Ndiyo maana FIFA hukataza uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache, na ndiyo maana safari ya halali huanzia Kisangani, Kindu au Lubumbashi, kwa sahihi ya mzazi na nafasi ya shule.

Wengine hudai fedha hizo haziwafikii wadogo. Zamani klabu ilibidi iziwinde yenyewe. Tangu Novemba 2022 hupitia ofisi ya malipo ya FIFA iliyoko Paris, inayosoma rekodi za usajili za shirikisho. Daftari la kocha pekee halihesabiki huko. Mtoto anayetimiza miaka 12 mwaka huu apate cheti cha kuzaliwa na kadi ya entente, yaani chama cha soka cha mji, msimu huu huu, kwa kuwa mwaka usioandikwa haulipwi.