Brigedi za Serowe: Chuo Kilichojilipia kwa Mwiko na Randa

Miongo sita imepita tangu 1965, mwaka ambao vijana wa Serowe, katika Bechuanaland ya wakati huo (Botswana ya leo), walikabidhiwa miiko ya uashi, timazi na pima maji, wakaambiwa wajifunze kwa kujenga. Walikuwa wamemaliza shule ya msingi na kukosa nafasi ya sekondari. Kundi hilo, Brigedi ya Waashi, ndilo lililozaa mfumo wa mafunzo ya ufundi ulioenea Botswana nzima.

Mwasisi wake, Patrick van Rensburg, hakuanza maisha akiwa mwalimu. Alizaliwa Afrika Kusini 1931, akaingia utumishi wa serikali, na kufikia 1957 alikuwa mwanadiplomasia wa nchi yake mjini Léopoldville, Kongo. Mwaka huo alijiuzulu, kwa kuwa dhamiri ilimkataza kuendelea kuutetea ubaguzi wa rangi. Alijiunga na chama cha Liberal Party cha Afrika Kusini, akashiriki mjini London kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini, na 1960 ikambidi aikimbie nchi yake. Miaka miwili baadaye yeye na mkewe walihamia Serowe, makao makuu ya Wabangwato.

Huko walifungua shule ya sekondari ya Swaneng Hill mwaka 1963, ikiwa na wanafunzi 28. Fedha za kuajiri makandarasi hazikuwapo, kwa hiyo walimu, wanafunzi na watu waliojitolea kutoka ndani na nje ya nchi walichimba misingi na kuinua kuta wenyewe. Kazi ya kujitolea iliingia kwenye ratiba ya shule, sambamba na hesabu na Kiingereza. Hayo yalikuwa miaka minne kabla ya Mwalimu Nyerere kutoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea.

Hata hivyo, Swaneng isingeweza kuwapokea wote waliogonga mlango, na wengi waliobaki nje hawakuwa na pa kwenda. Hapo ndipo wazo la brigedi lilipozaliwa. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kutekeleza. Siku nne za juma wanagenzi walifanya kazi halisi chini ya fundi, na siku moja waliingia darasani. Nyumba au darasa walilojenga lililipiwa na mteja, na fedha hizo ndizo zilizogharimia mafundi na vifaa. Mtoto wa maskini angeweza kusoma ufundi bila mzazi wake kuuza ng'ombe, jambo lisilo dogo katika nchi iliyokuwa imebanwa na ukame. Nchi yenyewe ilipopata uhuru 1966, ilikuwa na wahitimu 22 tu wa chuo kikuu.

Baada ya waashi zikafuata brigedi za wakulima, maseremala, wafumaji, watengeneza ngozi na wapiga chapa. Shule dada mbili, Shashe River na Madiba, zilianzishwa kwa mwelekeo uleule. Mwaka 1969 kilianza Boiteko, kikundi cha wanakijiji wazima waliozalisha mali kwa ushirika. Mwandishi Bessie Head, naye mkimbizi kutoka Afrika Kusini, alifanya kazi katika bustani ya mboga ya Boiteko, na baadaye akaandika habari za Swaneng na brigedi katika kitabu chake kuhusu Serowe.

Njia haikuwa tambarare. Wazazi wengi walimpeleka mtoto shule ili aepukane na jembe, na baadhi ya wanafunzi wa Swaneng waligomea kazi za mikono. Brigedi nazo zilikuwa na kitendawili chao: zikikazania mauzo, mafunzo yanadorora, zikikazania mafunzo, kasha linabaki tupu. Serikali ilianza kutoa ruzuku, na katika miaka ya 2000 ikaamua kuzichukua brigedi kutoka mikononi mwa bodi za wananchi na kuziingiza katika mfumo wake wa vyuo vya ufundi.

Van Rensburg, aliyekuwa amekwisha kuwa raia wa Botswana, hakupumzika. Mwaka 1980 alianzisha taasisi ya kueneza elimu inayoambatana na uzalishaji, na mwaka uliofuata akatunukiwa tuzo ya Right Livelihood. Zimbabwe iliyokuwa imetoka tu kupata uhuru iliunda taasisi ya namna hiyohiyo kwa ajili ya shule za watoto waliorejea kutoka ukimbizini. Alifariki 2017.

Katika nchi zetu, mwanafunzi wa ufundi bado anaweza kujenga ukuta wa mazoezi asubuhi na kuubomoa jioni ili matofali yatumike tena kesho. Wa Serowe alijenga ukuta ambao mtu angelala nyuma yake na ambao mteja angekataa kuulipia ukipinda. Hesabu za fedha zilizishinda brigedi mara nyingi, lakini katika hilo la kumpa mwanagenzi kazi yenye mwenyewe, vyuo vingi vya leo havijazifikia.