Mwitikio wa watoto wenye ADHD kwa dawa za kuchangamsha

Mwitikio kwa dawa za kuchangamsha ni kiwango ambacho methilfenideti au amfetamini humsaidia mtoto mwenye ADHD (tatizo la upungufu wa umakini na utundu uliopita kiasi) kutulia na kuzingatia. Mwaka 1937, daktari Charles Bradley wa Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 wenye matatizo ya tabia Benzedrine, aina ya amfetamini, kwa wiki moja. Takriban nusu yao waliboreka sana masomoni.

Leo, takriban watoto 7 kati ya 10 hupata nafuu kwa dawa ya kwanza. Kwa kawaida nafuu huwa ndogo zaidi kwa walio chini ya umri wa kwenda shule na kwa wenye matatizo mengine kadhaa. Jeni ya CES1 huathiri kasi ya ini kuvunja methilfenideti, lakini hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo kinachotabiri matokeo kwa uhakika.

Kwa hiyo daktari huanza na dozi ndogo, mara nyingi miligramu 5, na kuiongeza hatua kwa hatua, akilinganisha fomu za tabia zinazojazwa na mzazi na mwalimu huku akifuatilia usingizi, hamu ya kula, uzito na mapigo ya moyo. Mtoto ambaye dawa ya kwanza haikumfaa asikatiwe tamaa: wengi husaidiwa na ya pili.