Kuchacha na Kuvundika: Maneno ya Chachu Katika Kyela

Mfasiri akutanapo na dhana moja ya kisayansi hupenda kuipatia neno moja tu. Lakini kazi ya chachu, Kiswahili kimeigawa katika vitenzi kadhaa: pombe huchacha, unga uliokandwa huumuka, na mbegu za kakao huvundikwa. Je, huu ni upungufu wa lugha? Historia ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, yatuonyesha kwamba sivyo.

Wanyakyusa huiita pombe ubwalwa, na ulezi ni nafaka yake ya tangu zamani. Katika upishi wa pombe za nafaka, uji hauna budi kupoa hadi uwe vuguvugu ndipo utiwe kimea; ukiwa unachemka, nguvu ya kimea hufa. Kabla ya kipimajoto, mkono wa mpishi ndio uliokuwa kipimo, na neno "vuguvugu" ndilo lililokuwa istilahi yake.

Mwaka 1876 Louis Pasteur alichapisha kitabu chake juu ya bia, akieleza kazi ya viumbe vidogo katika kuchacha na katika kuharibika kwake. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, alifaulu kukuza chachu safi ya aina moja. Baadhi ya bia huchachuliwa kwa nyuzi 8 hadi 13 za Selsiasi, nyingine kwa nyuzi 15 hadi 22. Hapo ndipo ilipodhihiri haja ya kutenga "joto" na "halijoto". Chachu ifanyapo kazi hutoa joto. Kwa sababu hiyo halijoto ya chombo hupanda, hata kama hewa ya nje haikubadilika. Asiyetenga maneno haya mawili hawezi kulieleza jambo hili.

Tuchukue maelekezo yasemayo: "Weka mahali penye joto la kawaida." Kawaida ya wapi? Uso wa Ziwa Nyasa uko mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu, mwendo mfupi tu kutoka Kyela, iko mita zipatazo 1,500. Tofauti hiyo yatosha kupunguza nyuzi zipatazo 6. Pombe itakayochacha taratibu mlimani huenda ikachacha upesi mno ziwani na kuwa kali kama siki. Mfasiri mwema ataandika nyuzi.

Kakao, zao mashuhuri la Kyela, hutaka kinyume chake. Mbegu mbichi hufunikwa kwa majani ya migomba kwa siku 5 hadi 7, na kupinduliwa ili zipate hewa. Halijoto hufika nyuzi 45 hadi 50. Kiini cha mbegu hufa, na ladha huanza kujengeka. Joto hilo lingeiharibu pombe, lakini kwa kakao ndilo linalotakiwa. Mfasiri akiandika "kuoza" badala ya "kuvundika", mkulima ataogopa kazi hiyo na kuuza mbegu zisizo na ladha wala bei.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967 ili kukuza lugha na kuratibu matumizi yake. Twapendekeza "uchachukaji" liwe jina la jumla katika vitabu vya sayansi, na "kuvundika" libaki mahali pake shambani. Kusanifu istilahi si kuyafukuza maneno ya wenye kazi. Ni kuyapa mipaka iliyo wazi.