Kipimo cha akili na swali lililosahaulika

Mwaka 1933 walowezi na madaktari wa Nairobi waliunda chama cha kuchunguza namna ya kuboresha kizazi cha binadamu. Sauti iliyosikika zaidi ndani yake ilikuwa ya Dkt. Henry Laing Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliyeshikilia kwamba Mwafrika huzaliwa na ubongo duni. Aliegemea kazi ya mwenzake, F. W. Vint, ambaye katika maabara ya serikali alipima bongo za maiti za Waafrika na kuzilinganisha na takwimu za Wazungu zilizokusanywa kwingine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1934 katika jarida la anatomia la Uingereza. Miaka hiyo hiyo R. A. C. Oliver, aliyekuja kwa ajili ya utafiti wa elimu, alitunga mtihani wa akili kwa wanafunzi wa Kiafrika nchini Kenya.

Hivyo ndivyo kupimwa akili kulivyotufikia, kukiwa kumeongozana na ukoloni. Si ajabu basi kwamba mpaka leo mzazi akiambiwa mwanawe apelekwe kutathminiwa namna anavyofikiri na kujifunza, moyo humwenda mbio. Hudhani hukumu imeshaandikwa, bado kusomwa tu. Hofu hiyo ina sababu zake, na sitaki kuidharau. Lakini historia ya vipimo hivi haikuanzia Mathari, na aliyeviasisi alikuwa ameshaachana na kupima vichwa takriban miaka 30 kabla ya Vint kushika mizani.

Mtu huyo ni Alfred Binet, aliyezaliwa mwaka 1857 mjini Nice, ambao leo uko Ufaransa. Alisomea sheria, akaiacha, akajifundisha saikolojia kwa kusoma maktabani mjini Paris. Mwishoni mwa karne ya 19 aliingia madarasani na vifaa vya kupimia vichwa, akitarajia kuwa wanafunzi hodari wangekuwa na vichwa vikubwa kuliko wale wazito wa kuelewa. Tofauti alizozipata zilikuwa ndogo mno, za milimita chache. Kisha akashtukia jambo jingine: kwa kuwa alijua mapema mtoto yupi anasifiwa na yupi hasifiwi, huenda mikono yake ilikuwa ikimpa jibu analolitaka. Aliyaandika hayo wazi, akaachana na njia hiyo. Naona hapo ndipo alipoanza kuwa mwanasayansi wa kuaminika, na ndipo Gordon na wenzake waliposhindwa kumfuata.

Shule nyingine aliipata nyumbani kwake. Alikuwa na mabinti wawili, Madeleine na Alice, akawa anawapa mafumbo madogo madogo na kuyaandika majibu yao kwa miaka mingi. Mmoja alikuwa makini, hatoi jibu mpaka ametulia. Mwenzake alikuwa mwepesi wa kuruka huku na huko, mwenye fikra za kubuni. Wazazi walewale, nyumba ileile, lakini kila mmoja na njia yake ya kulifikia jibu. Binet alitoka pale akiamini kuwa akili ni mwingiliano wa mambo mengi: kuelewa, kubuni, kushikilia lengo, na kujisahihisha.

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa ilimweka katika tume. Tangu sheria ya 1882 elimu ya msingi ilikuwa ya lazima, na madarasa yalijaa watoto ambao zamani wangebaki shambani au mitaani. Baadhi yao hawakuenda sambamba na masomo. Je, ni nani kati yao anahitaji darasa maalumu? Daktari mmoja alisema hivi, mwingine akasema vile, na mtoto angeweza kuishia hospitali ya wagonjwa wa akili kwa sababu tu ya mwalimu aliyechoka naye. Binet alitaka kipimo kitakachomlinda mtoto na maoni ya mtu mmoja.

Akishirikiana na daktari kijana, Théodore Simon, alitoa mwaka 1905 mazoezi 30 yaliyopangwa kutoka rahisi kwenda magumu. La kwanza lilikuwa kufuata kwa macho njiti ya kiberiti inayowaka. Mtoto aliombwa kutambua chakula, kurudia tarakimu alizosomewa, kutaja vitu vilivyomo kwenye picha, kueleza tofauti kati ya vitu viwili. Mwaka 1908 waliyapanga upya kwa umri: yale ambayo watoto wengi wa miaka 6 huyaweza, ya miaka 7, na kuendelea. Mpimaji alikaa na mtoto mmoja mmoja, akamkaribisha kwa upole, akaangalia jibu na pia njia ya kulifikia.

Binet alisisitiza mambo ambayo warithi wake waliyatupa. Matokeo hayapimi akili kama fimbo inavyopima urefu. Hayasemi kitu kuhusu urithi wa damu. Na mtoto aliyeonekana nyuma anapaswa kufundishwa, kwa sababu akili hukua kwa mazoezi. Kwa ajili hiyo alianzisha mazoezi ya umakini na kumbukumbu kwa watoto wa madarasa maalumu, hata michezo ya kukaa kimya bila kutikisika, ili wajifunze kwanza kujidhibiti kabla ya kusoma hesabu. Alifariki mwaka 1911, akiwa na miaka 54.

Kilichofuata Marekani kinatia uchungu. Henry Goddard, katika taasisi ya Vineland, New Jersey, alitafsiri mazoezi ya Binet akayageuza kuwa chujio la watu aliowaona wenye mbegu mbaya. William Stern wa Ujerumani alipendekeza mwaka 1912 kugawanya umri wa akili kwa umri halisi, na Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akayazidisha matokeo ya mgawanyo huo mara 100 mwaka 1916. Ndiyo ile alama ya akili iitwayo IQ. Maelezo ya kurasa nyingi kuhusu mtoto mmoja yalifinywa yakawa namba moja, na namba haisemi mtoto alikwama wapi.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Robert Yerkes aliongoza upimaji wa askari wapatao milioni 1.7 kwa makundi. Waliojua kusoma Kiingereza walipewa karatasi ya Alpha. Wasiojua walipewa Beta, yenye picha zenye kitu kilichosahauliwa: uwanja wa tenisi usio na wavu, gramafoni isiyo na pembe yake. Mhamiaji aliyeshuka melini kutoka kijiji cha Italia alitakiwa kujua pembe ya gramafoni. Aliposhindwa, ilihesabiwa kuwa akili yake ndiyo iliyopungua. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi Carrie Buck, msichana aliyetajwa kuwa na akili pungufu, na maelfu wengine wakafuata kwa sheria za namna hiyo.

Mmoja wa vijana waliosahihisha karatasi za jeshi alikuwa David Wechsler, mwenyewe mhamiaji kutoka Romania. Aliona watu waliopata alama duni lakini wakiendesha maisha yao bila tatizo. Baadaye, katika hospitali ya Bellevue, New York, alitengeneza kipimo cha watu wazima kilichotoka mwaka 1939, kwa kuwa haina maana kumwambia mtu wa miaka 45 kuwa ana akili ya miaka 14. Alitenganisha kazi za maneno na kazi za mikono na macho, ili ionekane mtu ana nguvu wapi na udhaifu wapi. Vipimo vinavyotumiwa leo kwa watoto na wazee, hata kwa mtu aliyepata kiharusi, vimetokana kwa sehemu kubwa na kazi hiyo.

Swali lililobaki lilikuwa hili: mazoezi hayo yanamaanisha nini kwa mtu wa mahali pengine? Jibu la kukumbukwa lilitoka Liberia miaka ya 1960 na 1970, Michael Cole na wenzake walipofanya kazi na Wakpelle. Waliwapa watu vitu vya chakula, zana na vyombo wavipange kwa makundi. Wakulima waliweka kisu pamoja na chungwa, kwa sababu kisu hukata chungwa, wakaeleza kuwa mtu mwenye hekima hupanga hivyo. Mtafiti alipokata tamaa akauliza mpumbavu angepangaje, walivipanga mara moja kama vitabu vya shule vinavyotaka: chakula upande huu, zana upande ule. Uwezo ulikuwapo muda wote. Kilichokosewa ni swali.

Kwetu ushahidi ni mwingi. Katika kijiji cha Kokwet, nchini Kenya, Sara Harkness na Charles Super waliwasikiliza wazazi wa Kikipsigis wakimweleza mtoto mwenye akili kuwa ni yule anayeona kazi inayotakiwa nyumbani na kuifanya bila kukumbushwa. Watoto hao hao, wakiombwa na mtu mzima wasiyemzoea wasimulie hadithi, walikaa kimya kwa adabu, na adabu hiyo kwenye karatasi ya alama ilisomeka kama ujinga. Karibu na Kisumu, Usenge, Robert Sternberg na wenzake walipima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 kuhusu dawa za mitishamba: jina la kila dawa, inatolewa wapi, inatibu nini. Waliojua sana dawa walielekea kufanya vibaya zaidi katika vipimo vya msamiati. Bagamoyo, timu yake iliwafundisha watoto wa miaka 11 hadi 13 namna ya kufanya mazoezi kwa muda usiofika saa moja kisha ikawapima tena, na alama zikapanda. Mpimaji aliyeondoka baada ya mara ya kwanza angebeba taarifa ya uongo.

Kilifi hawakungoja vipimo vya wengine. Watafiti wa pale, akiwemo Penny Holding na baadaye Amina Abubakar, walitunga na kurekebisha mazoezi kwa lugha na vitu ambavyo mtoto wa pwani anavijua, wakayapima kwanza kabla ya kuyaamini. Kazi ya namna hiyo huchukua miaka na haina sifa nyingi, lakini bila hiyo matokeo yote ni bure.

Faida yake ilionekana Kampala, Hospitali ya Mulago, ambako Chandy John, Michael Boivin, Paul Bangirana na wenzao waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo. Walikuwa wameruhusiwa kwenda nyumbani, wanatembea, wanacheza. Miaka 2 baadaye, takriban mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu katika kumbukumbu, umakini au kujifunza, ilhali kwa watoto wengine wa mitaa ile ilikuwa chini ya 1 kati ya 10. Mwalimu angewaita wavivu au watundu. Watafiti waliwapa baadhi ya waliopona malaria hiyo vipindi vya mazoezi ya umakini na kumbukumbu kwenye kompyuta kwa wiki 8, na katika baadhi ya vipimo walipata nafuu iliyowazidi wenzao ambao hawakuwa wamefundishwa.