Bibi Harusi Juu ya Vespa: Historia ya Wanawake, Vipando na Njia za Kisiwa Chetu



Msimu wa harusi ukifika, maswali huwa mengi: hina, mahari, nguo ya kutolewa nje, nani awe somo. Safari hii tumeulizwa jambo jengine. Mwari mmoja wa Kibimba, huko Ngara mkoani Kagera, anaolewa na kijana wa Unguja. Mume mtarajiwa amemuahidi kwamba baada ya nikaha atamzungusha kisiwa kizima kwa vespa. Mwari amefurahi, lakini mama mkwe hakufurahi. Kwake yeye bibi harusi aliye fungate hukaa ndani akasingwa, akafukizwa udi na kulishwa vizuri. Hatoki kupigwa na upepo wa barabara hadi Nungwi.

Tukiwa wakweli, sote tuna mama mkwe huyu nyumbani, na maneno yake yana uzito. Lakini mwari naye ana hoja. Kwao Kibimba, kwenye milima na barabara za vumbi, pikipiki si starehe. Ndiyo inayompeleka mama mjamzito zahanati, mkungu wa ndizi sokoni na mtoto mgonjwa kwa daktari. Anashangaa kuona chombo alichokizoea tangu utotoni kimegeuzwa aibu kwa sababu tu amevaa hina.

Tumeona tusimjibu kwa ndiyo au siyo. Tumeona turudi nyuma kidogo, tutazame wanawake wa kisiwa hiki walisafiri vipi kabla yetu.

Njia ya kutoka Unguja hadi milimani

Kwanza, dada wa Kibimba asijione mgeni sana. Milima ya kwao na kisiwa chetu vilijuana zamani. Katika karne ya 19 misafara iliyofungwa Unguja ilivuka bahari hadi Bagamoyo, ikapanda Tabora, kisha ikashika njia ya kaskazini magharibi kupitia nchi iliyoitwa Usui, ambayo leo iko upande wa Biharamulo na Ngara, hadi Karagwe. Huko Karagwe, mahali paitwapo Kafuro, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao. John Hanning Speke na James Grant walipita njia hiyo mwaka 1861 wakiwa na wapagazi waliochukuliwa Unguja, na walipofika Usui walizuiwa mpaka walipe hongo nzito kwa chifu Suwarora.

Historia huandika majina ya wenye misafara. Mara chache hutukumbusha kuwa ndani ya misafara ile walikuwamo wanawake waliobeba vyungu, mikeka na watoto mgongoni, wakatembea miezi kwa miguu. Leo mwari wetu atapanda basi Ngara, apite Nyakanazi na Kahama, avuke nchi nzima hadi Dar es Salaam, kisha apande boti. Zaidi ya kilomita 1,000 anazozimaliza kwa siku mbili, bibi zake walizitembea wakaona mvua mbili. Mwanamke aliyekuja kwetu kwa njia hiyo hawezi kuambiwa kuwa safari si yake.

Binti wa Seyyid na punda mweupe

Hapa kisiwani nako, wanawake hawakuwa wa kukaa tu. Sayyida Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji. Baadaye alihama Unguja, akaacha na dini ya wazee wake, kwa hiyo hatumtaji ili tumfuate. Tunamtaja kwa sababu kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, zinatuonesha maisha ya ndani ambayo wageni hawakuruhusiwa kuyaona. Anaeleza kuwa watoto wa Mtoni, wa kiume na wa kike, walifundishwa kupanda tangu wadogo, na kwamba mabinti walipewa punda weupe wakubwa kutoka Maskati. Kwa punda hao wanawake wa ukoo walitembeleana na kwenda mashambani.

Dada yake, Bi Khole, ana alama ambayo hadi leo tunapita chini yake. Ukienda kusini, karibu na Bungi, kuna miembe mikubwa iliyopandwa safu mbili kufuata barabara, na magofu ya nyumba yake yako karibu. Miembe ile inanasibishwa naye. Kwa hiyo unapoona kivuli baridi juu ya kichwa chako njia ya kusini, kumbuka kuwa mwanamke ndiye aliyewafikiria wapita njia.

Tusisahau hata hivyo kwamba si wote waliokuwa na punda. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, alikuwa akibeba vyungu alivyofinyanga mama yake na kutembea mpaka mjini kuviuza, akinadi kwa sauti njiani. Sauti hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za taarabu. Njia ya Fumba aliijua kwa nyayo zake. Mwenye punda na mwenye miguu mitupu wote walikuwa barabarani, wote wamejisitiri, na hapana aliyeona ajabu.

Chombo kilichofikiria nguo

Vespa yenyewe inatoka Italia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha Piaggio huko Pontedera, kilichokuwa kikitengeneza ndege, kilikuwa kimepigwa mabomu, na watu hawakuwa na fedha za kununua gari. Enrico Piaggio akampa kazi mhandisi wa ndege, Corradino D'Ascanio. Inajulikana kuwa D'Ascanio hakuzipenda pikipiki. Aliziona zinachafua nguo, ni ngumu kupanda na mnyororo wake ni taabu. Kwa hiyo akaunda chombo kisicho na mnyororo, injini imefunikwa, mbele kuna ngao ya kuzuia tope, na katikati pako wazi ili mtu apande bila kurusha mguu juu. Hati ya uvumbuzi iliombwa tarehe 23 Aprili 1946. Jina lake, vespa, kwa Kiitaliano ni nyigu, na aliyesikia mlio wake katika vichochoro vya Mji Mkongwe anajua kwa nini.

Fikirini hapo. Mtu wa mbali, asiyewajua wavaa kanzu na buibui, aliunda chombo kinachowafaa wao kuliko wengine wote. Mzee akaweza kwenda msikitini kwa vespa na kanzu yake ikabaki nyeupe. Kuanzia miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India ilianza kuziunda kwa leseni ya Piaggio, na baadaye ikatoa ya kwake, Chetak. Kwetu hapa jina "vespa" limeshakuwa la jamii nzima ya vyombo hivyo, hata kama kiwanda ni chengine. Na siku hizi, mashallah, si ajabu kumuona dada yuko mbele ameshika usukani mwenyewe, mtandio umefungwa vizuri, anawahi kazini.

Bibi harusi wa Khaybar

Sasa turudi kwa mama mkwe. Suala lake la ndani kabisa si vespa. Anauliza: je, ni heshima kwa bibi harusi kuonekana amepanda nyuma ya mumewe njiani?

Mwaka wa 7 Hijria, Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwa anarudi kutoka Khaybar akiwa amemuoa Bi Safiyya, Allah amridhie. Bi Safiyya alikuwa bibi harusi mbichi, na karamu ya walima ilifanywa njiani. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume alimtandikia nguo nyuma yake juu ya ngamia ili akae vizuri, kisha yeye mwenyewe akakaa karibu na ngamia na kuweka goti lake, na Bi Safiyya akaweka mguu juu ya goti hilo akapanda.

Imepokewa pia kuwa safarini ngamia alijikwaa, wakaanguka wote wawili. Abu Talha alipokimbilia, Mtume alimwambia amuangalie mwanamke. Abu Talha akafunika uso wake kwa nguo, akamwendea Bi Safiyya na kumtupia nguo hiyo ili asitirike. Kisha wakatengenezewa kipando, wakaendelea na safari.

Dada zetu, katika kisa hiki mna mambo matatu. Bibi harusi alipanda pamoja na mumewe, na haikuwa aibu. Mume alimuandalia mahali pa kukaa kabla ya kumpandisha. Na hata ajali ilipotokea, kwanza ulitazamwa uzima wa mwanamke, na sitara yake ikalindwa papo hapo. Anayetaka kumzungusha mkewe kisiwa na aanze na hayo.

Tupange safari

*Usalama.* Kofia ngumu iwe mbili, ya mume na ya mke. Mtandio mwembamba wa pamba unakaa vizuri chini ya kofia, pini zisitumike. Buibui pana, dera na mtandio mrefu ni hatari pindo likiachwa karibu na gurudumu. Mwaka 1927 mcheza dansi mashuhuri Isadora Duncan alikufa mjini Nice, Ufaransa, baada ya skafu yake ndefu kunasa kwenye gurudumu la gari alilopanda. Kwa hiyo vaa suruali pana ndani, buibui la kukatika vizuri, ncha za mtandio zichomekwe kifuani. Usikae upande. Kaa sawasawa, mguu huku na mguu huku, suruali itakusitiri. Angalia bomba la moshi, linaunguza.

*Chombo.* Magurudumu ya vespa ni madogo, hayapendi mchanga wala mashimo. Dada wa Kibimba aliyezoea pikipiki ya magurudumu makubwa atalihisi hilo haraka. Mume apime breki, taa na tairi siku moja kabla, na leseni na bima ziwe mfukoni. Zama za masika, Machi hadi Mei, ahirisheni.

*Njia.* Unguja ina urefu wa takriban kilomita 85, lakini huwezi kuizunguka kama pete. Ghuba ya Chwaka inakata njia, na ukifika Michamvi lazima urudi ulikotoka. Kwa hiyo gaweni siku tatu. Siku ya kwanza kaskazini: Mtoni, Bububu, Mahonda, Mkokotoni hadi Nungwi, kiasi cha kilomita 60. Pale Bububu kumbukeni kwamba mwaka 1905 kulikuwa na treni ya kutoka mjini, iliyofungwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Siku ya pili mashariki: Dunga, palipokuwa na jumba la Mwinyi Mkuu, kisha Chwaka na Uroa. Siku ya tatu kusini: miembe ya Bi Khole, msitu wa Jozani ambako mwende polepole kwa ajili ya kima punju, kisha Kizimkazi.

Kizimkazi msiipite. Msikiti wa Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Swalini adhuhuri hapo. Watu wameswali mahali hapo zaidi ya miaka 900, nao walifika kwa miguu, kwa punda na kwa majahazi.

*Ibada.* Kabla ya kuwasha, someni dua ya kipando, iliyomo katika Surat Az-Zukhruf, aya ya 13 na 14. Aya iliyotangulia inataja majahazi na wanyama, na katika An-Nahl, aya ya 8, baada ya kutajwa farasi, nyumbu na punda, Mola anatukumbusha kuwa anaumba na tusivyovijua. Kuhusu kupunguza swala, masafa ya safari kwa madhehebu yetu ya Shafii hukadiriwa zaidi kidogo ya kilomita 80, kwa hiyo kutoka mjini hadi Nungwi hakufiki. Muulizeni shekhe wenu kabla ya kuondoka.

Na fungate?

Fungate ni siku saba ambazo wazee wetu walimpa bibi harusi apumzike, afundwe, azoeane na mumewe bila kuchoshwa na kazi. Hiyo ni rehema, na hatuoni sababu ya kuitupa. Ushauri wetu kwa mwari wa Kibimba ni huu: mpe mama mkwe siku zake saba. Kaa ndani, usingwe, ule, uijue nyumba, naye akujue. Wewe umetoka mbali, na atakayekuwa mama yako hapa ni yeye. Siku ya nane, mume na atandike kiti vizuri, akushike mkono upande.

Na kabla ya kuondoka, mwende wote wawili kwake kuomba radhi. Muulize yeye alipoolewa alipelekwa kwa mumewe na chombo gani. Sisi tumewauliza bibi zetu wengi swali hilo. Yupo aliyekwenda kwa gari ya punda, yupo aliyepakiwa kwenye baiskeli na sanduku lake, yupo aliyevushwa kwa ngalawa usiku. Hakuna hata mmoja aliyetusimulia bila kucheka.

Allah awabariki, awakusanye katika kheri na awafikishe salama. Amin.