Pembe ya Yunikoni Ilikuwa Jino la Nyangumi, Lakini Nani Alitaka Kujua?

Manze, kuna uongo mmoja uliodumu Ulaya kwa mamia ya miaka, na si ati uliaminiwa na watu wasiosoma. Uliaminiwa na wafalme, maaskofu na madaktari.

Enzi hizo waliamini kwamba yunikoni, yule farasi wa hadithi mwenye pembe moja, yuko kweli, na kwamba pembe yake huondoa sumu. Mfalme aliyeogopa kutiliwa kitu kwenye divai alikuwa tayari kulipa dhahabu nzito kuliko pembe yenyewe. Na pembe zilikuwepo sokoni: ndefu, nyeupe, zimejisokota kama kamba.

Sasa zilitoka wapi? Kwa narwali, nyangumi wa bahari ya barafu, huko Greenland na kaskazini mwa Kanada. Na wala si pembe. Ni jino, kwa kawaida la dume, linalotoboa mdomo wa juu upande wa kushoto na kukua hadi karibu mita 3. Tusicheke sana lakini: hata sisi tunasema pembe za ndovu, na zile pia ni meno.

Wainuiti wa huko hawakuhitaji profesa awaambie. Walimwinda narwali kizazi baada ya kizazi. Ngozi yake pamoja na mafuta iliwapa vitamini C katika nchi isiyo na matunda, na jino walilifanya zana. Ukweli ulikuwepo kitambo. Ni vile tu hakuna mnunuzi aliyewauliza.

Mwaka 1577, mabaharia wa Mwingereza Martin Frobisher walimkuta narwali aliyekufa kaskazini mwa Kanada. Waliona kwa macho yao pembe imetoka kwa kiumbe wa baharini. Unadhani hadithi iliishia hapo? Wapi! Wakamwita yunikoni wa baharini, na pembe ikaenda kwa Malkia Elizabeth wa Kwanza.

Mwaka 1638, daktari Ole Worm wa Copenhagen akatangaza wazi kwamba pembe hizi ni meno ya narwali. Case closed, sindio? Hapana. Miaka zaidi ya 20 baadaye, katika mji huohuo, mfalme wa Denmark aliagiza kiti cha enzi kilichopambwa kwa meno hayohayo. Kilitumika kuwatawazia wafalme kuanzia 1671 hadi 1840, na bado kipo katika kasri la Rosenborg.

Hapo ndipo mimi naona somo. Tunapenda kusema uongo hufa ukweli ukijulikana. Lakini uongo wenye faida haufi hivyo. Aliyenunua hataki kuonekana ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na anayeuza hana haraka ya kumfungulia.

Usidhani ni mambo ya kale. Pembe ya kifaru imeundwa kwa keratini, kitu kilekile cha kucha zako. Hilo linajulikana, lakini bado kuna wanaoinunua kama dawa. Mwaka 2018 Sudan, dume wa mwisho wa kifaru mweupe wa kaskazini, alikufa hapa kwetu Ol Pejeta.

Kwa hivyo ukiona uongo umekataa kufa, usiseme tu watu hawajasoma. Uliza ni nani bado anakula kupitia huo uongo.